Jani la Jipe

Siku za mwisho wa Shaabani, Tumu alimaliza kusali adhuhuri, akakunja msala, akateremka uani kutazama majani yake. Alilikuta birika la samaki limekuwa jeupe kama yai.

"Mwaonaje, wifi?" Nabiha alimpokea, kanga kaifunga kibwebwe, chokaa imemfika mpaka kwenye nyusi. "Maji yote nimeyamwaga. Nimelisugua kwa kumbi la nazi na chokaa, kama linavyosuguliwa la msikitini. Ramadhani haitatukuta na uchafu ule."

Nabiha alikuwa dada wa Gharib, marehemu mume wa Tumu. Tangu msiba alikuja kila siku kutoka Bondeni kupika na kufua, maana Tumu alikuwa kizuka, mjane aliye edani, na hakutakiwa kuvuka mlango mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Mtu anayekutendea hivyo humfokei. Tumu alishika ukingo wa birika, akauliza polepole:

"Samaki?"

"Wamo ndooni na maji yao. Mimi si mkatili."

"Na majani?"

"Majani gani? Yale magugu?"

Hayakuwa magugu. Gharib alikuwa dereva wa watafiti wa samaki. Miaka mitatu nyuma aliwapeleka Ziwa Jipe, kule Taveta, akawashikia kamba ya mashua huku wakipima maji. Akarudi nyumbani na themosi. Tumu alipoifungua amimine chai, alikuta kijani kibichi kinachoelea, kimejaa nywele laini kama mkia wa paka aliyenyeshewa.

"Hili halina mizizi," Gharib alisema, akilitia birikani kama amlazaye mtoto. "Lajilisha kwa mwili wote. Likikatika, kila kipande chaota jani jipya. Lataka maji matamu na mwanga, basi."

Akamweleza kwamba kule ziwani majani hushuka chini mpaka pale mwanga unapokomea. Udongo ukitoka mashambani na kuchafua maji, mwanga haufiki mbali, na msitu ule wa chini hufupika. Samaki nao hukosa pa kutagia na pa kufichia watoto. Aliyasema hayo kwa uchungu, kana kwamba ziwa ni la babake.

Tangu hapo, kila adhuhuri jua likiingia wima uani, mume na mke waliinama pamoja kutazama viputo vya hewa vikipanda kutoka majanini, vidogo kama shanga. "Yapumua," Gharib alizoea kusema. Hawakujaaliwa mtoto. Walijaaliwa birika.

"Nimempa Kenga, muuza madafu," alisema Nabiha. "Alipita na mkokoteni, akayataka afunikie madafu yake yasipigwe na jua. Nikampa yote."

"Yakikauka yamekufa, Nabiha. Katika vyote alivyoniachia kakako, ni hayo tu yanayoota."

Nabiha alibadilika rangi. "Ya Rabbi!" Akanyakua buibui, akalivaa nyuma mbele, akatoka mbio na ndara zisizofanana.

Tumu alipanda ghorofani, akasimama nyuma ya dirisha la mbao. Kupitia upenyo alimwona Nabiha akikata kulia. Mkokoteni wa Kenga ulikuwa kushoto, unapotelea kwenye kichochoro. Sasa afanyeje? Sauti ya kizuka haitakiwi kusikika na wanaume, na chini yake barazani walikaa wazee wawili na kahawa yao. Tumu alivuta pumzi.

"Nabiha! Si huko! Kushoto! Kushoto kwa fundi wa milango!"

Wazee waliinamia vikombe.

"Umesikia kitu, Taib?"

"Mimi? Sikio hili bovu tangu mwaka jana."

"Na langu kadhalika."

Nabiha akatokea akihema, amepotea. Taib akakohoa, akauambia ukuta wa mbele yake: "Yasemekana ni kushoto."

Tumu alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Alicheka mpaka akakaa chini, kicheko cha kwanza tangu mazishi.

Haukupita muda, Nabiha akarudi na Kenga na mkokoteni wake mzima.

"Mama, mimi nilipewa, sikuiba!" Kenga alilalamika mlangoni. "Wateja wangu wataninunia!"

"Watakununia kesho. Leo pakua!" Nabiha alimwamuru.

Waliyapakua kwenye sinia. Ya juu yalikuwa yamekauka, yakivunjika kama majani ya chai. Ya katikati yamesinyaa, meusi.

"Tazameni ya chini kabisa, mama," Kenga alisema kwa nje, sasa naye ameingiwa na wasiwasi. "Kuna dafu lilipasuka huko, likayalowesha."

Chini kabisa, Tumu alipata kipande kimoja cha urefu wa kidole, bado kijani. Nabiha akakidaka, akakimbilia birikani.

"Siyo humo! Chokaa itakiunguza!"

Maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, hayafai. Yalibaki yale ya ndooni, ya samaki. Tumu alijaza chupa kubwa ya kioo iliyowahi kutiwa peremende, akakitia humo kipande, akaiweka dirishani penye mwanga.

Siku ya pili kiligeuka hudhurungi. Ramadhani ikaingia. Siku ya tano nusu yake ilianguka chini ya chupa. Nabiha akaketi ngazini, akalia.

"Nimemzika kakangu mara mbili."

"Nyamaza, wewe. Majani hayana haraka kama yako."

Lakini usiku Tumu mwenyewe hakupata usingizi.

Tarehe tisa Ramadhani, adhuhuri, Tumu aliinama juu ya chupa. Pale kipande kilipokatikia palitokeza ncha ya kijani kibichi kabisa, ndogo kama punje ya mchele. Kando yake ya pili. Na juu ya ile kubwa kilining'inia kiputo kimoja, kikatetemeka, kikajikwanyua, kikapanda.

"Wifi! Njoo uone!"

Nabiha alikuja na mikono ya unga. Alitazama, akatazama tena. Kifua kikamjaa kigelegele, akajiziba mdomo kwa kiganja, unga ukamwenea usoni. Nyumba ya eda haipigwi kigelegele.

Tumu alimwondoa mkono taratibu.

"Piga," alisema. "Piga, wifi, mtaa mzima usikie."