Fundo la Mjinga

Kitu kilianguka jikoni, tk, kisha kikabingirika sakafuni polepole mpaka kikagonga mguu wa meza.

Nilifumbua macho gizani. Nilijua ni nini: chubwi, lile donge la risasi linalozamisha mshipi. Na nilijua ni nani: baba yangu, ameketi bila kuwasha taa ili asimwamshe mjukuu wake, anafunga ndoana kwa kupapasa. Macho yake yameingia ukungu siku hizi, lakini vidole vyake havijapewa habari.

Nikaamka, nikawasha taa. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza.

"Umeamka mapema, mama," akasema, kama mtu aliyekaa kitini kwa heshima zake.

"Na wewe unasali huko chini?"

"Naangalia mfagio wako unaishia wapi. Huku haujawahi kufika."

Viatu vyake vilikuwa kando ya jiko, vimejazwa magazeti, chumvi imevichora mistari myeupe. Hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Baba huvua kwa chambo kwenye miamba nyuma ya soko, na wiki iliyopita chubwi yake ilinasa kwenye ufa. Akashuka kuinasua. Wimbi likampiga, na kama si kinyozi wa mtaani kwetu, ambaye huvua naye, kumdaka ukosi wa shati, sijui ningekuwa naandika nini leo. Alirudi ameloa hadi kifuani, goti limechubuka, akatuambia kule mvua imenyesha. Jua lilikuwa linapasua mawe.

Binti yangu, ambaye babu yake humwita Kijiko kwa kuwa hakuna chungu asichoingia, siku ile alivichukua vile viatu akaenda kuvianika. Tangu hapo ikawa kazi yake. Babu akirudi, mtoto hutazama miguu kwanza, samaki baadaye.

Sikuweza kumkataza baba. Tangu mama afariki, mshipi ndio unaomtoa kitandani. Lakini kumsindikiza kwa dua peke yake nako nilikuwa nimechoka.

"Kwa nini lazima ushuke?" nikamuuliza, nikimpa chubwi yake. "Si uiache huko huko?"

"Nikivuta, haikatiki." Alilisema hilo kifua mbele. "Fundo langu halijawahi kukatika. Muulize kinyozi."

"Ndiyo shida yenyewe, baba."

Akanitazama kama niliyetukana ukoo.

Mpango wake ulikuwa ule aliorithi: mshipi unapita katika tundu la chubwi, ndoana inakuja mbele. Kwenye mchanga huo ni mpango mzuri, samaki anavuta chambo bila kuhisi uzito. Kwenye miamba, chubwi inajichomeka ufani, na kila kitu kilicho nyuma yake ni imara mno kukatika. Kilichobaki dhaifu ni mzee aliyeshika mshipi.

Mimi nasoma umeme wa majumbani, madarasa ya jioni. Mwalimu alitufundisha fyuzi: waya mwembamba unaowekwa makusudi uungue wa kwanza, nyumba ipone. Asubuhi ile nilimtazama baba akilowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, maana nailoni ikikazwa kavu hujiunguza yenyewe, na nikaiona fyuzi imekaa pale mezani.

"Chubwi tuishushe chini kabisa," nikamwambia, "kwenye uzi wake peke yake, mwembamba. Ndoana ikae juu, kwenye kipande cha mshipi kinachochepuka kama tawi. Chubwi ikinasa, uzi wake unakatika, ndoana na samaki wanarudi kwako."

"Fundi umeme," akasema baba, "bahari haina swichi."

Lakini chubwi niliyomfungia aliichukua, kama mgonjwa anavyopokea uji. Nilikuwa nimeifunga kwa uzi wa cherehani.

Alirudi mapema. "Chubwi yako ina mabawa," akasema mlangoni. "Nimerusha, mshipi ukaanguka hapa, yenyewe ikashika njia yake. Kinyozi amecheka mpaka akakaa chini." Kisha akarudia mpango wake wa zamani, akanasa, akashuka. Hilo hakulisema. Viatu vilisema, kwa kila hatua, chwa, chwa. Kijiko akavipokea akatoka navyo juani.

Kesho yake sikuwa na darasa. Nikatundika ndoo kwenye fremu ya mlango wa jikoni, nikazijaribu nyuzi moja moja, mtoto akimimina maji kwa kikombe. Uzi wa cherehani ulikatika kabla maji hayajafunika chini. Nailoni nyembamba kuliko zote za dukani ilibeba ndoo ikafurika, nikaivuta chini kwa mikono miwili, ikanicheka. Mmoja ungekatika kwenye kurusha. Mwingine ungemvuta mzee wangu mpaka ateleze. Na kati ya hizo mbili hakuna uzi. Nilikaa kwenye kigoda nikajiona mjinga, maji yakinitiririkia miguuni.

Baba alikuwa ameegemea ukuta na kikombe chake cha chai.

"Mnafua nini?"

"Nakutafutia uzi wa kukatika."

Akaweka chai chini, akaishika ile nailoni nyembamba, akaiviringisha kati ya vidole.

"Kuna fundo," akasema taratibu, kama anamtaja ndugu aliyeko jela. "La mjinga. Unakunja mara moja, unapitisha, unakaza kavu. Linajinyonga lenyewe. Nailoni nzima hii, ukiitia fundo hilo katikati, inapoteza nusu ya nguvu zake. Kinyozi nilimfukuza kwenye mwamba wangu msimu mzima kwa ajili yake."

"Lifunge."

"Mimi?"

"Mimi sijui kufunga vibaya kama inavyotakiwa."

Akacheka kidogo puani. Akakunja, akapitisha. Kisha mkono ukaenda mdomoni wenyewe, mazoea ya miaka, akalilowesha.

"Umelitia mate, baba."

Akaufuta uzi kwenye shati, akalikata fundo, akalifunga upya, likiwa kavu, kwa uso wa mtu anayefuta kinyesi cha paka. Nikatundika ndoo. Kijiko akamimina. Ndoo ikajaa nusu, ikatulia. Uzito huo ni zaidi ya chubwi ikirushwa. Nikashika ukingo nikavuta.

Ikakatika. Jikoni kukawa bwawa.

Baba aliokota kipande cha uzi, akakisogeza hadi puani. Nilidhani amehuzunika.

"Limekatika pale pale nilipoliambia," akasema.

Jioni alizifunga chubwi zake zote, kila moja kwenye uzi wake mwembamba wenye fundo lile katikati. Kwenye ndoana aliacha fundo lake la zamani, lenye mizunguko mingi na mate ya kutosha, na tukakubaliana kuwa hilo lisikatike kamwe.

Asubuhi akaondoka. Nilifungua daftari la umeme, nikasoma mstari mmoja mpaka ukapoteza maana. Upepo ukazidi, mabati yakaanza kugonga. Nikafua nguo zilizokuwa safi. Mtoto alikaa kizingitini, magoti kidevuni.

Tulimwona mchana, anakuja na mfuko wake, polepole, hachechemei. Alipofika alitoa chewa mnene, akamlaza kwenye sinia.

"Imenasa," akasema bila kuulizwa. "Nikavuta. Mguu mmoja ulishaanza kutafuta pa kushukia, nakwambia ukweli. Ikakatika, na huyu bado yuko kwenye ndoana."

"Na chubwi?"

"Iko huko. Ikae." Akanawa mikono, akakawia kuifuta. "Kinyozi ameniomba nimfundishe fundo lile."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia hilo analijua zamani."

Nilicheka, na huku nacheka nikamtafuta mtoto. Kijiko hakuwa akimtazama chewa. Alikuwa amechuchumaa miguuni pa babu yake, amekwisha kulegeza kamba, akitia kiganja ndani ya kiatu kimoja, kisha kingine, mpaka vidoleni. Akainua uso.

"Viatu vya babu ni vikavu," akasema.