Oili ya Usukani wa Kapteni

"Mnunuzi anakuja Jumamosi asubuhi," Kapteni alisema, kwa sauti ambayo ungedhani anamzungumzia mtu wa kusoma mita ya maji.

Mkewe alisimamisha cherehani katikati ya mshono. Mnunuzi wa nini, hakuuliza. Ndani ya ua ule kitu cha kuuzwa kilikuwa kimoja tu, gari la rangi ya krimu lililomzidi umri binti yao mkubwa, na ambalo mumewe alilipangusa kila asubuhi kabla hata hajanawa uso. Majirani walimwita Kapteni kwa sababu alikuwa ameendesha mabasi ya safari ndefu mpaka akastaafu, na hata baada ya kustaafu alitembea kama mtu ambaye abiria sitini wanamsubiri.

"Mkono umekataa, mama watoto." Aliutazama mkono wake wa kushoto uliokuwa umelala mapajani. "Daktari alisema utarudi, haya, miezi mitatu imepita. Juzi kwenye kona ya sokoni nimeshindana na usukani mpaka jasho likanitoka. Siku nikimgonga mtoto wa watu, je?"

Mkewe aliuondoa mshono chini ya sindano. Kile kiharusi kilikuwa kimemchukulia mumewe mengi, na yeye alikuwa amejikaza kuyavumilia yote. Lakini kumwona Kapteni akiwa abiria, hilo hapana. Alimjua. Siku gari litakapotoka pale getini, mzee huyu angekaa kwenye kile kiti chake na asinyanyuke tena.

Tena kulikuwa na jambo lililomkera kichwani. Asubuhi ile ile, mkono huo huo uliokataa ulikuwa umenyanyua birika lililojaa chai, ukammiminia kikombe, na tone halikumwagika. Sasa inakuwaje mkono unaoweza birika ushindwe na usukani ambao zamani Kapteni aliuzungusha kwa kidole kimoja, akijitapa? Au mgonjwa ni usukani wenyewe?

Mchana mume alipojilaza, mke alikata kipande cha pamba nyeupe kutoka kwenye mabaki ya shati la mteja. Miaka yote ndiye aliyemkatia mumewe vipande hivyo. Kabla ya kiharusi, kila mwanzo wa mwezi Kapteni alichovya kimoja kwenye oili ya gari, akakinyoosha juani na kukisoma kama barua. Kufungua boneti, hata hivyo, ilikuwa mwiko. Hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuigusa, wa fundi wala wa ndugu.

Mkewe alikuwa ameuvunja mwiko huo mara moja. Kapteni alipokuwa hospitalini, kila Jumapili aliliwasha gari lisije likalala, na siku moja alipoona kopo dogo la oili ya usukani limepungua, alichukua chupa iliyofunguliwa stoo akalijaza mpaka kwenye mstari. Hakumwambia mtu. Ila moyoni alijivuna, asiseme uongo.

Alichovya kitambaa kwenye kopo lile lile, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda duka la vipuri.

Muuza spea alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimpangia chupa tatu juu ya kaunta: ya kijani, ya njano na nyekundu.

"Ya pawa stelingi, ya kulainisha usukani, ni hizi, dada. Gari la mwaka gani?"

Alimwambia. Muuza spea akaiondoa ya kijani, kisha ya njano.

"Hizi ni za magari ya juzi juzi. Hayo mazee yalitengenezewa hii nyekundu, ile ile ya giaboksi za otomatiki. Iliyomo sasa ina rangi gani?"

Mke akatoa kitambaa. Muuza spea akakinusa, akakisugua kwa vidole, akakinusa tena. Uso ukabadilika.

"Nani aliyeweka hii?"

"Kwani ni nini?"

"Oili ya breki! Hii kwenye usukani ni sumu, dada. Raba zote za ndani zinavimba, zinabana. Usukani unakuwa mzito kama unageuza jiwe la kusagia. Nani alishika hili gari?"

Mke aliukunja ule mfuko wa plastiki. "Fundi mmoja."

"Fundi!" Muuza spea alipandwa na hasira kana kwamba gari ni lake. "Huyo si fundi, ni mharibifu. Hafai kukabidhiwa hata baiskeli ya mtoto. Usimwache akaribie gari hilo tena, umenisikia?"

"Nimekusikia," alisema kwa sauti ndogo. "Litapona?"

"Halijatembea sana? Basi mwage yote, lisafishe kwa hii nyekundu mpaka itoke safi. Raba zikiwa hazijachanika, litapona."

Njia nzima chupa nne zilimgonga mguuni, na aibu ikamwenda mpaka masikioni. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumwambia mumewe kwamba oili imezeeka, basi. Lakini mtu huyu alikuwa ameulaumu mkono wake siku zote hizo, akiuficha mbele ya wageni kama mtoto mwenye adabu mbaya, na mkono wa watu haukuwa na kosa lote hilo.

Alimkuta ameamka. Akaziweka chupa mezani, akamweleza yote, kopo, stoo, Jumapili, bila kupumua.

Kapteni alichukua chupa moja akaigeuza-geuza mkononi. Mke alikuwa tayari kwa ukali wowote.

"Kwa hiyo," mume akasema polepole, "si mkono?"

"Ni mimi."

Kapteni aliinama akafunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakaanza kutikisika. Mke akamshika, akidhani analia. Alikuwa analia kweli, na kucheka pia.

Ijumaa waliinua magurudumu ya mbele kwa jeki. Kapteni alikaa kwenye usukani akiuzungusha kulia, kushoto, kulia. Mke, kwa ruhusa ya kwanza ya ndoa yao, alisimama mbele ya boneti iliyo wazi akimimina nyekundu, huku ile chafu ikitoka kwa bomba na kuangukia kwenye beseni. Kwenye chupa ya tatu ndipo ilipoanza kutoka safi.

Kapteni akajaribu kwa mkono wa kushoto peke yake. Usukani ulikwenda, ukafika nusu ukasita, kisha ukamalizia kwa taabu.

"Nusu ni mkono," alisema akihema. "Nusu ilikuwa wewe."

Jumamosi mnunuzi alirudishwa getini kwa heshima zote. Saa nne mume na mke wakatoka kupeleka nguo za wateja. Kwenye kona ya sokoni gari lilipunguza mwendo, mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka juu ya usukani, na mke, bila kufikiri, akaunyoosha wake kusaidia.

"Rudisha mkono wako, fundi," Kapteni alisema macho yakiwa barabarani. "Ulishasaidia vya kutosha."

Akakata kona mwenyewe.