Choo Kizuri

Dorika alikuwa na miaka minane, lakini mama yake, Tabea, alimbeba mgongoni kama mtoto wa kunyonya, na kaniki ilikuwa imelowa damu tena kabla hawajafika zahanati ya Makambako. Tangu masika alikuwa akihara hivyo.

Dresa, mtoa dawa wa zahanati, hakumtazama mtoto. Alitazama karatasi ya maswali iliyotoka hospitali ya Njombe, akauliza jina, umri, homa. Kisha: "Choo kikoje?"

Kiswahili cha Tabea kilikuwa cha sokoni, na neno hilo alilijua kwa upande mmoja tu. Mwaka uliopita Sila, mumewe, alikaa kifungoni wiki tatu kwa kutochimba choo.

"Kizuri, bwana," alijibu upesi. "Kizuri sana."

Dresa akaandika hivyo hivyo, akampa dawa ya minyoo.

Mwezi mmoja baadaye mtoto alikuwa mifupa na macho. Tabea akapanda naye lori la mahindi hadi Njombe. Karani wa hospitali, Enoki, alikuwa Mbena mwenzake. Alimsikiliza kwa Kibena, akakunjua nguo yenye damu, akasoma nakala ya karatasi ya Makambako.

"Mama, alikuuliza mavi ya mtoto. Siyo shimo la nyumbani kwako."

Akamwingiza kwa Bwana Mganga, daktari mkuu wa hospitali. Mezani pa Mzungu huyo palikuwa na jedwali pana kama mkeka: nchi zote za Mwingereza, na makadirio ya watoto watakaougua vidonda vya utumbo kwa miaka kumi ijayo. Hesabu ya Uingereza ilipanda mwaka hadi mwaka. Mstari wa Tanganyika ulikuwa sifuri tupu, kama mayai yaliyopangwa. Vitanda na dawa viligawiwa kwa kufuata jedwali hilo.

Enoki alieleza kosa. Bwana Mganga hakukasirika. Alisema karatasi za Makambako zimekwisha kwenda Dar es Salaam, na ugonjwa huo, tena, ni wa watoto wa Ulaya.

"Huyu hayumo, Enoki."

"Yupo hapa mlangoni, bwana."

"Kwenye karatasi hayumo."

Tabea na mtoto wakarudi nyumbani na dawa ya minyoo.

Jumatatu iliyofuata alipita mkaguzi wa vyoo. Alikuta mlango wa mabanzi wa choo cha Sila umefungwa, akaugonga kwa fimbo.

"Nani humo?"

"Mimi na mwanangu," Tabea alijibu kutoka ndani.

"Tokeni nikague."

"Hawezi kutoka, bwana."

Alikuwa amemshika Dorika makwapani tangu alfajiri, amemning'iniza juu ya shimo, maana miguu ilikuwa imekataa. Nje, mkaguzi alizunguka. Alisifu paa la nyasi. Alichungulia penye ufa, akaona sakafu iliyosawazishwa vizuri. Kichwa cha Dorika kikaanguka kifuani kwa mama yake, kizito, tumbo likaacha kujikaza, na pumzi haikurudi.

Tabea akasikia chaki ikikwaruza mlango, herufi baada ya herufi, na mkaguzi akilitamka neno huku akiliandika.

"Ki-zu-ri. Mwambie Sila, safari hii hafungwi."