Wauguzi wa Safu ya Mbele

Mhadhiri aliingia dukani kwangu asubuhi na kuanza kunisifia kabla hata hajakaa. Mimi sifa zinanipa wasiwasi. Mtu akinisifia hivyo ujue ameshafungua kamera yake mwenyewe nyumbani, skrubu tatu zimepotea, na anataka nifanye miujiza.

Huyu hakuwa na kamera. Alitaka kununua. Anafundisha vijana wa usanifu wa majengo, na alikuwa ameona inauzwa kamera ya zamani ya mbao, kubwa, ile ambayo mpiga picha anajifunika kitambaa cheusi kichwani kama anayejifukiza. "Mimi naijua kwenye vitabu tu, mama fundi," akasema. "Wataniuzia sanduku bovu na nitawashukuru. Twende ukaikague, uniandikie na tathmini, chuo kinataka karatasi."

"Iko wapi?"

Akataja mtaa. Kisha akataja mlango wa kijani wenye ngazi mbili, pembeni ya duka la vioo. Nikaweka bisibisi chini. Ile ilikuwa studio ya baba yangu. Nilikuwa sijakanyaga ngazi zile kwa miaka thelathini na moja.

Ningeweza kukataa. Mafundi wengine wapo, ingawa wengi wao wanatengeneza simu na kudanganya kuwa wanajua lenzi. Lakini nilikwenda, na nilikwenda kwa sababu moja tu: nilitaka kuifungua kamera ile nijue kama kweli ni mimi niliyeharibu picha ya wauguzi.

Ngoja nieleze. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, msaidizi wa baba tangu shuleni. Siku hiyo yeye aliamka na homa, na chuo cha uuguzi kilikuwa na mahafali. Wahitimu arobaini na wawili, safu tatu, ukuta wa matofali nyuma yao, wingu limetanda, mwanga haba. Baba akasema nenda wewe. Nilikwenda kichwa kimevimba kwa furaha. Nikapanga watu, nikajifunika kitambaa, nikainamisha lenzi kidogo ili safu ya mbele na ya nyuma zote zikolee, zitoke wazi bila ukungu, nikapiga mara nne. Filamu zilipotoka, matofali ya ukutani ungeweza kuyahesabu moja moja. Wauguzi je? Safu ya nyuma angalau. Ya katikati, hoi. Ya mbele, zile nyuso zilikuwa kama uji uliomwagika. Na wenyewe walikuwa wameshatawanyika kila mmoja kwenye kituo chake cha kazi. Picha haikuwezekana kurudiwa.

Matroni wa chuo alikuja juu. Baba akanisimamisha mbele yake, mbele ya wateja, mbele ya mdogo wangu, akasema: "Ameinamisha vibaya. Huyu binti ana mikono, lakini jicho la picha hana." Akalirudia lile neno mtaa mzima, mpaka kwa muuza magazeti. Nafasi yangu akampa mdogo wangu. Mimi nikaenda kujifunza ufundi kwa mtengeneza saa, mtaa wa tatu kutoka pale, na tangu siku hiyo sijawahi kupiga picha hata ya paka. Nimetengeneza kamera za watu wote wa mji huu, nikazirudisha zikiwa nzima, wakaenda kupigia wao.

Basi tukaenda. Mdogo wangu ndiye aliyefungua. Nywele zimekwisha kichwani, tumbo limetangulia. Tulikuwa tukionana misibani tu, tunapeana mikono na kuulizana habari za watoto. "Dada!" akasema, akamwangalia Mhadhiri, akaniangalia mimi. "Ndiye wewe fundi mwenyewe?"

"Ndiye mimi. Kamera iko wapi?"

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kile cha kupigia picha za vitambulisho, mkongojo katikati ya magoti. Miaka themanini na minane. Mwili umeisha lakini macho ni yale yale, makali, yanakupima kama unafaa kuingia kwenye fremu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Kisha akamgeukia Mhadhiri. "Umeleta mtu mzuri. Mikono anayo."

Damu ilinichemka mpaka masikioni. Miaka yote hiyo na bado anaitoa sentensi ileile nusu, ile nusu ya pili ameimeza kwa heshima ya mgeni! Nikajikaza. Nikatoa tochi, rula ya chuma, pimamaji, nikaanza kazi.

Kamera ilikuwa juu ya miguu yake mitatu, imefutwa vumbi. Kwa asiyeijua, ni mbao mbili zimesimama juu ya reli moja. Ubao wa mbele umeshika lenzi. Ubao wa nyuma umeshika kioo cha ukungu, ambacho picha inaonekana juu yake kabla hujaweka filamu. Katikati kuna mvukuto wa ngozi unaokunjika na kukunjuka. Raha yake ni kwamba kila ubao unatembea peke yake: unapanda, unashuka, unasogea kando, unainama, unageuka kama mtu anayegeuza shingo. Ndiyo maana Mhadhiri aliitaka. Jengo refu ukilipiga kwa kamera ya kawaida linaonekana linaanguka chali. Kwa hii unapandisha tu lenzi, na jengo linasimama wima.

Nilianza na mvukuto. Tukafunga madirisha, nikaingiza tochi ndani, nikatafuta tundu kwenye kila kunjo. Hakuna hata moja. Nikapandisha ubao wa mbele hadi mwisho, nikakaza, nikauning'inizia uzito wa mkoba wangu. Haukushuka. Nikausogeza kushoto, kulia. Laini. Mhadhiri alikuwa nyuma yangu anaandika kila kitu, na kila nikisema "zima", anatabasamu kama mtoto.

Yeye alikuwa anafurahi, mimi nilikuwa nazama. Maana, mnielewe, mimi nilikuwa naomba nikute ubovu. Miaka thelathini na moja nimelala na kuamka nikijiambia labda kile kitasa cha kuinamishia kililegea, labda lenzi iliteleza yenyewe baada ya mimi kukaza. Kila kilichokuwa kizima kilikuwa kinanishitaki upya.

Nikafika kwenye kuinamisha. Nikainamisha ubao wa mbele kama nilivyofanya siku ile, nikakaza kwa vidole viwili, nikaugonga kwa kiganja. Haukucheza hata unywele. Nikaurudisha wima, ukaingia kwenye alama yake ya katikati kwa sauti ndogo, tak. Nikaweka pimamaji. Povu lilitulia katikati.

"Safi?" akauliza Mhadhiri.

"Safi," nikasema. Nilitamani kulia.

Kilibaki kioo. Fundi mvivu angekipiga jicho tu akamaliza. Lakini kioo cha ukungu lazima kikae umbali uleule ambao filamu itakaa. Kikipishana kidogo tu, unachokiona si utakachokipata. Nikapima kina kwa rula, sawa kabisa. Hata hivyo nikafungua vibana vinne nitoe kioo niangalie kinapokaa. Humo ndani ndimo baba alimokuwa akiandika.

Hiyo ilikuwa desturi yake, na mimi naifuata hadi leo. Kila anachotengeneza kwenye kamera anakiandika kwa penseli ndani ya mbao, mahali mteja hawezi kuona: tarehe na alichofanya. Alisema fundi ajaye asihangaike kubahatisha. Nje ya kamera baba aliweza kutia chumvi apendavyo. Ndani ya mbao sikumbuki akidanganya.

Nikawasha tochi, nikaweka lenzi ya kukuzia juu ya maandishi. Mstari wa kwanza: *Kioo kipya, cha zamani kimevunjika.* Tarehe ilikuwa siku mbili kabla ya mahafali ya wauguzi. Mstari wa pili, chini yake, tarehe ya siku nane baadaye: *Kioo nilikiweka kinyume. Kosa langu. Nimekigeuza.*

Nilisoma mara tatu. Kisha nikahesabu siku kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kioo hicho kina uso laini na uso wenye ukungu. Wenye ukungu lazima uelekee kwenye lenzi. Ukikigeuza, unene wa kioo unakudanganya: unakoleza nyuso za watu, filamu inakoleza ukuta ulio nyuma yao. Matofali yanatoka kama wembe. Nyuso zinatoka uji.

"Baba," nikasema. "Baba! Hiki ni nini?"

Hakuuliza ninazungumzia nini. "Nilijua ungefika hapo," akasema.

"Uligundua ndani ya wiki!"

"Nilipiga familia moja, ikatoka vilevile. Nikafungua, nikaona."

"Na ukaniacha?"

"Ulikuwa umeshaondoka."

"Nilikuwa mtaa wa tatu! Ulikuwa unapita pale kila wiki kununua karatasi, unanipungia mkono, nami nakuitikia kama mjinga!"

Mhadhiri alikuwa ameinama anasoma daftari lake, maskini, hajui aweke wapi uso. Mdogo wangu alikuja akasoma ile penseli, midomo ikicheza.

"Mimi sikujua, dada. Naapa sikujua," akasema. "Na hilo sanduku hata sikulitaka. Mimi nilitaka udereva. Mzee akaniambia shika, nikashika."

Nilicheka. Kicheko kibaya, hakikuwa na afya. Nafasi yangu nilinyang'anywa, akapewa mtu aliyetaka kuendesha lori!

Baba aligonga mkongojo chini. "Mtaa wote nilikuwa nimeshautangazia. Ningesimama wapi niseme nilikosea? Nani angeniletea tena watu wake niwapige?" Kisha akashusha sauti. "Halafu nikakuona umetulia na kazi yako. Nikasema, basi, yamekwisha."

"Yamekwisha kwako."

Hakuomba msamaha, na ningemshangaa angeomba.

Mhadhiri ndiye aliyeingilia. Kijana ana moyo, ila haraka. "Mama fundi," akasema, "nimebeba filamu mbili za kujaribia. Piga wewe. Mpige mzee, hapo hapo alipokaa." Macho yake yalikuwa yanang'aa, nadhani alidhani ananirudishia kitu. Na mimi, sifichi, nilitaka. Nilikuwa nalo jicho! Lilikuwepo siku zote, na imeandikwa kwa mkono wa aliyenikana.

Nikarudisha kioo, uso wa ukungu ndani. Tukafungua madirisha, mwanga ukamwangukia baba upande wa kushoto. Nikapandisha lenzi kidogo, nikaigeuza kufuata bega lake. Mikono ilikumbuka kila kitu bila kuambiwa. Nikajifunika kitambaa. Baba akatokea kwenye kioo kichwa chini miguu juu, kama watu wote wanavyotokea mle. Nikazungusha kitasa kinachosogeza lenzi, nikakoleza macho yake, nikaweka lenzi ya kukuzia, nikazungusha tena. Nikatoka.

"Tayari. Weka filamu."

"Naomba nione kwanza, nijifunze," akasema Mhadhiri, akaingia.

Alikaa mle muda. Nikasikia pumzi yake tu. Alipotoka hakuniangalia. "Mama," akasema polepole, "naweza kurekebisha kidogo?"

Nikamwambia arekebishe. Akazungusha kitasa. Niliutazama mkono wake, na haukuwa mzunguko wa kidogo. Ulikuwa karibu nusu duara.

"Angalia sasa," akasema.

Nikaingia. Nikaangalia macho ya baba, nikaweka lenzi ya kukuzia, nikafikicha jicho, nikaangalia tena. Yalikuwa vilevile kama nilivyoyaacha. Nikazungusha kitasa mbele, nikakirudisha nyuma, mbele, nyuma, na uso ule haukubadilika hata chembe. Dukani nafanya kazi chini ya taa kali, pua juu ya skrubu, na vidole vinamaliza ambacho macho hayaoni. Hapa hapakuwa na kitu cha kushika. Nilikaa ndani ya kile kitambaa nikiwa na miaka hamsini na saba, na nikaelewa kwamba ni macho yangu.

"Vipi huko?" baba akauliza kutoka kitini. "Mbona mnazungusha zungusha? Hakikolei?"

Nikafunua kitambaa. Mhadhiri alinitazama usoni mara moja tu, akaona alichokiona, akamgeukia mzee.

"Ni kioo, mzee," akasema. "Kimezeeka. Kina giza."

Baba akanigeukia mimi. "Kioo?"

Nikampa Mhadhiri kitambaa. "Kioo," nikasema.

Mhadhiri alipiga picha zote mbili yeye mwenyewe. Mimi nilikaa mezani nikajaza karatasi ya chuo. Mvukuto, mzima. Kupanda na kushuka, sawa. Kusogea, sawa. Kuinama na kugeuka, sawa. Mbele ya neno kioo, ambacho kilikuwa kizima kabisa, nikaandika: kina giza, kibadilishwe. Nikatia sahihi.