Oksijeni Haitembei Peke Yake

Usiku wa kuamkia leo niliota ubao wa bao unabisha hodi ofisi ya walimu, umejifunga kanga.

"Madam Tegemea," ukaniambia, "nimeitwa jikoni. Nimekuja kuaga."

Sikushangaa. Mkuu wa shule, Mwalimu Ndimbo, alishatamka mchana mbele ya walimu wote: kesho angekaa kwenye kipindi changu cha kemia, kidato cha tatu B, na asipoona faida ya "huo mchezo wa barazani", ubao ungekwenda kupikia maharage. Miezi miwili nilikuwa nafundisha kusawazisha milinganyo kwa kete. Kila kete ni atomu moja. Zinazoingia upande huu, lazima zitoke zilezile upande ule.

"Subiri," nikauambia ubao. "Twende wote."

Tunafungua mlango, na nje ni jikoni. Jiko la shule limevaa miwani.

"Shikamoo," nikaliamkia, maana ni la tangu shule ianzishwe.

"Marahaba, mwanangu. Usinione mbaya. Elimu naiheshimu. Lakini nina maharage ya watoto mia nne, na kuni zimelowa."

Mwalimu Ndimbo akatoka ndani ya sufuria, suti kavu, masharubu meusi tii. Kila mtu shuleni anajua weusi huo ni wa kupaka piko, ila hakuna anayejua kwa sauti.

"Mchezo huu ukinifundisha mimi kutengeneza maji," akasema, "ubao umepona. Usiponifundisha, unaungua."

Ghafla tuko ndani ya ubao. Mashimo ni mapana kama visima na kete zinapumua. Mkuu anachukua haidrojeni mbili zilizoshikana mikono, kisha anainamia oksijeni moja.

"Mimi sitembei peke yangu," ikasema oksijeni. "Kwetu mwiko. Nichukue na mwenzangu."

Akazichukua zote mbili, akazitupa shimoni pamoja na zile haidrojeni. Upande wa pili ikabidi oksijeni nazo ziwe mbili. Badala ya kuongeza maji, Mkuu akachomeka mbili ndogo chini ya oksijeni.

"Nimesawazisha," akatangaza. Akajaza glasi, akanywa.

Upande wa kushoto wa masharubu yake ukapauka.

"Hayo si maji, Mkuu."

Aliyesema ni Sikudhani, binti wa dawati la mwisho. Mwaka mzima sauti yake niliijua kwa neno moja tu, "nipo", wakati wa kuita majina. Sasa amesimama katikati ya nyumba, lile shimo kuu la bao, mikono kiunoni.

"Namba ya chini ni ukoo wa mtu, haichezewi. Ukibadilisha ukoo, umeleta mgeni: hiyo ni peroksaidi, dawa ya kupausha nywele. Wewe ongeza maji yawe mawili, halafu rudi huku uongeze haidrojeni."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Madam. Ila mwanzoni alikuwa anatuandikisha notsi mpaka vidole vinakufa ganzi. Siku alipoleta kete ndipo tukaelewana."

Kete zote zikacheka. Nami nikacheka, maana ni kweli.

Mkuu akaongeza. Haidrojeni nne na oksijeni mbili huku. Haidrojeni nne na oksijeni mbili kule. Shimo likajaa maji matamu.

Jiko likavua miwani, likafuta machozi. "Basi nileteeni kuni za kawaida," likasema. "Nitazikausha mwenyewe."

Nikafungua kinywa kumshukuru Sikudhani. Asante yangu ikatoka ikiwa kete tupu, nyingi, zikaanza kudondoka shimo hadi shimo: moja kwake, nyingine kwa wenzake arobaini, moja kwa ubao, moja kwa oksijeni na mwenzake. Ya mwisho ikaangukia shimo lisilo na kitu.

"Umelala, Madam!" darasa zima likapiga kelele. Kwenye bao, ukiangukia patupu unalala, zamu yako imekwisha.

Nikatii. Na kwa kuwa nilikuwa nimelala tangu mwanzo, hapakuwa na pa kwenda ila kuamka.

Nikaoga, nikaenda shuleni. Mwalimu Ndimbo alikuwa ameshafika darasani, amekaa nyuma kabisa kando ya Sikudhani, kiganja kimeziba mdomo.

"Endelea tu, Madam," akasema kupitia vidole. "Mimi leo nimekuja kucheza."

Sikudhani akamnyooshea kete. Mkuu akaondoa kiganja ili azipokee, na upande wa kushoto wa masharubu yake ulikuwa mweupe pe.