Mkono wa Tingatinga Ulioshuka Wenyewe

Jumanne moja mume wangu Oluoch alitoka asubuhi kwenda Dunga, kando ya ziwa, na kabla ya saa nne lori lilikuwa limemgonga. Tulimzika kwao, karibu na Sondu. Nilirudi mtaani kwetu Manyatta na mtoto wetu Winny, wa miaka sita, na kwenye meza ya kazi ya baba yake ambayo sikutaka kuigusa.

Alikuwa fundi wa vichezeo vya mitumba. Juu ya meza aliacha tingatinga la plastiki linaloendeshwa kwa hewa. Unasukuma pampu, hewa inapita kwenye mpira mwembamba hadi silinda ndogo kama kidole, na mkono wa tingatinga unainuka. Wiki ya pili baada ya mazishi Winny aliuinua, tukaenda kuteka maji. Tuliporudi, mlango ulikuwa bado na kufuli, lakini mkono ulikuwa chini.

"Baba alikuja kazi," Winny akasema, anacheka.

Mimi sikucheka. Siku iliyofuata ukashuka tena. Nikaanza kupikia nje, kwa sababu sikuweza kuipa meza ile mgongo.

Winny alimsimulia nyanya yake kwa simu. Ijumaa mchana mama mkwe akafika, akaniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa.

"Nyar Ugenya, mtoto hawezi kulala nyumba moja na mtu aliyezikwa. Naenda naye."

"Mama, ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Wewe mwenyewe unapikia nje kama askari wa zamu!"

Niliogopa meza, lakini kubaki bila Winny niliogopa zaidi. Nikaketi mahali pa Oluoch. Wateja alikuwa akiwaambia, "Hewa haina siri. Ipake sabuni, itajitaja."

Nilisukuma pampu, nikapaka povu la sabuni kwenye mpira kwa mswaki mkuukuu. Pale mpira ulipoingia kwenye pampu, pakatokea puto la sabuni, likakua, likapasuka. Mpira ulikuwa na ufa. Nikakata ncha hiyo kwa wembe, nikaurudisha, nikainua mkono.

Ulisimama. Kisha, mbele ya macho yetu sisi watatu, ukaanza kushuka polepole, kama wa mtu aliyechoka.

"Baba!" Winny akaita.

Mama mkwe akaanza kukunja nguo za mtoto.

Kwa haraka nikamwaga nusu ya sabuni. Iliyobaki nikaipaka silinda yote. Pale chuma chembamba kinachoinua mkono kinapotokea, nikaona mapovu madogo kama macho ya omena, wale dagaa wa ziwani. Nikafungua kifuniko. Kipete cha mpira ndani kilikuwa kimelika. Nikakata kingine kutoka mpira wa valvu ya baiskeli, nikafunga, nikainua mara ya tatu.

Mkono ukabaki juu. Niliingiza jiko ndani, nikasonga ugali, tukala tukiutazama ule mkono. Mama mkwe alinawa, akainama karibu nao.

"Hii kitu imekataa kushuka."

"Ilikuwa inavuja, Mama."

Winny akanitazama. "Kwa hivyo hakuwa Baba?"

Ningeweza kumdanganya.

"Hakuwa Baba."

Akalia. Kwenye mazishi hakuwa amelia. Nyanya yake akampakata mpaka akanyamaza, na habari ya kumchukua hakuitaja tena. Jumamosi aliondoka peke yake.

Sasa Winny yuko gredi ya kwanza hapa Manyatta. Asubuhi nampeleka shuleni mimi mwenyewe.