Nta au Mafuta kwa Gongo la Phares

Anyango alikuja kwetu Jumamosi asubuhi akiwa amebeba gongo la kriketi, amelifunga kwa leso kama mtoto mchanga. Hata chai alikataa. "Mama Koki," akaniuliza, "mzee yupo?"

Mzee ni Nzuki, mume wangu, mchonga vinyago. Alikuwa na kibanda chake cha mabati nyuma ya nyumba, hapo mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, na asubuhi hiyo alikuwa anamsugua twiga kwa msasa. Gongo lenyewe nililijua hata kabla halijafunguliwa. Lilikuwa la marehemu Phares Otiende, mume wa Anyango, karani wa reli, aliyechezea timu ya wafanyakazi wenzake mpaka kichomi kilipomchukua, mwaka wa themanini na mbili. Mtaani kwetu mchezo ule haukujulikana sana. Watu walimwona Phares akitoka Jumapili na nguo nyeupe, wakadhani amehamia kanisa la kanzu.

Anyango akalifungua juu ya meza ya kazi. Mti uliokuwa mweupe ulikuwa umegeuka kijivu. Tumboni, pale mpira unapogonga, palikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino cha mkulima.

"Baba Koki, nataka ulipake nta. Ling'ae kama vinyago vyako. Nitalitundika ukutani, juu ya redio."

Nzuki akafurahi. Kwake yeye mti ukishakatwa umebakiwa na kazi moja tu, kung'aa. Akaweka mkebe wa nta ya nyuki juu ya jiko la makaa, akaanza kutafuta kitambaa safi. Mimi nikamtazama Anyango, jinsi alivyokuwa ameshika mpini na hataki kuuachilia, nikaona afadhali nimchekeshe.

"Kitendawili," nikamwambia Nzuki.

"Mama Koki, niko kazini."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Ninaye mtu wangu, kiu ikimshika hapasuki midomo, hupasuka tumbo."

Akafikiri. "Mtungi."

"Mtungi ni wa maji, utaonaje kiu? Nipe mji."

"Nakupa Kiamaiko."

"Sikitaki, kinanuka mbuzi."

"Basi chukua mtaa wa Lucky Summer wote, uniache nifanye kazi!"

"Ni hilo gongo lililo mbele yako," nikasema. Anyango akacheka kidogo, kisha akaziangalia zile nyufa na kicheko kikaisha.

Nta ilikuwa inaanza kulegea Aloo alipoingia. Huyu ni mdogo wake Phares, naye mtu wa reli, upande wa mizigo. Alikuwa amepitia kwa Anyango, akaambiwa na Selpher, binti wa Anyango, kwamba mama amekwenda kwa mchongaji. Mkononi alikuwa na chupa yenye kitu cha njano.

"Niaje, mzee. Shem, salama?" Kisha akaona mkebe. "Nta? Mzee, hilo si twiga. Hakuna mtalii atakayelinunua."

"Na wewe umebeba nini, uji?" Nzuki akamjibu.

"Mafuta ya linsidi, haya ya mafundi wa rangi. Ndiyo Phares alikuwa anatumia. Gongo linayanywa, mti unalegea ndani, halipasuki ovyo. Ukilifunga kwa nta, mafuta hayaingii tena. Litabaki picha."

"Nani amekwambia sitaki picha?" Anyango akauliza.

Aloo akaweka chupa chini. "Wamenichukua kwenye timu, shem. Nafasi ile ile yake. Nilikuwa naja kukuomba hilo gongo."

Mimi nilijua mahali kidonda kilipo. Baada ya mazishi, kule kwao magharibi, wazee waliketi wakagawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi: koti kwa huyu, viatu kwa yule. Wakauliza kama kuna kingine. Anyango akanyamaza. Gongo lilikuwa Nairobi nyuma ya kabati, na kule nani angeliuliza?

"Wewe ulijua liko," Anyango akamwambia Aloo.

"Nilijua."

"Mbona hukusema mbele ya wazee?"

"Uliangalia chini, shem. Nikaona niache."

Anyango akavuta leso ya kiunoni akajifunga vizuri, ingawa haikuwa imelegea. "Likivunjika, Aloo, nitabaki na nini? Niambie. Koti limekwenda, viatu vimekwenda. Nitabaki na nini?"

Aloo akaiokota chupa yake, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Mama Selpher," Nzuki akasema taratibu, "nta imeyeyuka. Nikishapaka, kuitoa ni mpaka nikwangue mti. Nipake?"

Huku anamngoja, akaligonga gongo kwa kifundo cha kidole, vile anavyogonga gogo kabla ya kulinunua, asikie kama limeoza ndani. Ni mazoea yake, hata meza ya wageni huigonga. Likatoa sauti kavu, fupi.

Anyango akainua kichwa. "Rudia."

Akarudia.

"Sivyo. Halikuwa linalia hivyo." Akatugeukia sisi wote. "Si mnakumbuka Jumamosi zake? Anatia mpira ndani ya soksi, anauning'iniza kwenye kamba yangu ya nguo, anagonga mpaka majirani wanalalamika. Nilishamfukuza na mwiko. Lilikuwa linasema *du, du*. Sasa linasema *ka*. Baba Koki, nta italirudishia sauti?"

Nzuki angeweza kumdanganya, kazi ilikuwa tayari jikoni. "Hapana," akasema. "Nta ni ya macho."

Anyango akaichukua chupa mwenyewe, akamimina kwenye pembe ya leso na kuanza kusugua tumbo la gongo, ufa kwa ufa, kama anayempaka mtoto baada ya kumwogesha.

"Kidogo, shem, kidogo! Likilewa linakuwa zito."

"Nilimwona akipaka kabla wewe hujajua mpira ni nini. Na usikie: silitoi, naliazimisha. Jumapili jioni linarudi kwangu. Kulipaka nitapaka mimi."

"Sawa, shem."

Nzuki akampaka twiga ile nta, maana haingefaa kupotea bure.

Gongo lilivunjika msimu wa pili. Nilikuwa kwa Anyango tunachambua mboga Aloo alipokuja na vipande viwili, amevifunga kwa sweta yake. Akasimama mlangoni.

"Shem, nisamehe."

Anyango akavipokea, akaviweka mapajani juu ya majani ya mboga, akapitisha kidole palipokatika. Ndani mti ulikuwa bado mweupe, nao ulinukia mafuta. Nikasogea karibu yake, nikidhani atalia.

"Mpira ulikwenda wapi?" akauliza.

"Mpira?"

"Ule uliolivunja."

Aloo akanyoosha mkono mbali, kupita nyumba za jirani. "Ulivuka uzio juu kwa juu, shem, pointi sita nzima, ukaingia barabarani. Wameutafuta wameukosa."

"Wameukosa!" Anyango akaniangalia mimi, akamwangalia tena Aloo. "Selpher! Mletee baba yako mdogo kiti. Keti, uniambie tangu mwanzo. Nani alirusha?"